Kuboresha mfumo wa zamani wa kamera za ulinzi bila kutupa kamera zako: maswali tunayoulizwa Mbeya, Iringa na Njombe

Maswali haya yanatoka kwa wenye maduka Mwanjelwa na Kabwe, wenye gesti Mafinga na Makambako, wenye mashine za mpunga Mbarali, na walimu wa shule za bweni za Iringa. Wengi walifungiwa kamera miaka kumi au zaidi iliyopita. Sasa mfumo unasumbua, na kila wanayemwita anawapa bei ya seti mpya nzima. Nimejibu kwa kirefu pale ambapo fedha za watu hupotea zaidi.

DVR yangu (boksi linalorekodi video za kamera) imekufa. Fundi anasema kamera zote nane nazo zing'olewe. Ni kweli?

Mara nyingi si kweli, na nakuomba usilipe chochote kabla kamera hazijapimwa moja moja.

Mfumo una sehemu tano: kamera, nyaya, umeme wa kamera, DVR, na hadidiski iliyo ndani ya DVR. Hazichakai kwa kasi moja. Hadidiski inazunguka usiku na mchana, kwa hiyo kwa kawaida ndiyo hutangulia kufa. Adapta hufuata, hasa pale umeme unapopanda na kushuka hovyo. Kisha DVR yenyewe. Waya uliopitishwa vizuri darini au ndani ya bomba unaweza kukaa miaka mingi bila kukusumbua, na ndio uliokula muda mwingi wa fundi siku ya kufunga. Ukiung'oa unalipia kazi hiyo mara ya pili, pamoja na kutoboa na kupaka rangi upya.

Kipimo rahisi: kamera ya zamani kabisa ya analogi huonyesha picha kwenye runinga ya kawaida. Tafuta kiunganishi cha kubadilisha kichwa cha BNC kiwe cha AV, ukichomeke kwenye tundu la njano la TV, hata ya chogo, kisha uipe kamera umeme wa volti 12. Picha ikitokea, kamera ni nzima. Isipotokea, usikimbilie kuitupa. Huenda ni ya HD, nayo TV haiwezi kuisoma. Soma jibu linalofuata.

Nitajuaje kamera zangu ni za aina gani?

Tazama mwisho wa waya. Kichwa cha chuma cha mviringo, kinachosukumwa na kuzungushwa kidogo mpaka kikaze, ni BNC. Kamera hiyo inatumia waya wa koaksia, unaofanana na waya wa antena ya runinga. Kichwa cha plastiki kama cha waya wa intaneti wa kompyuta kinaweza kumaanisha kamera ya IP, yaani inayotuma picha kwa mtandao kama kompyuta. Nasema kinaweza, kwa sababu mafundi wengi walitandika waya wa intaneti kisha wakaweka baluni, vile viunganishi vidogo vyenye skrubu mbili, ili kupitisha picha ya analogi. Ukiona baluni, hiyo si IP.

Kamera za BNC zenyewe ziko za aina mbili. Za zamani zaidi huitwa CVBS, na maboksi yake yaliandikwa TVL (idadi ya mistari ya picha) 420, 600 au 700. Za baadaye ni za HD kupitia waya uleule: CVI, TVI na AHD, zilizoanza kuingia sokoni duniani kuanzia 2012. Hizi tatu hazielewani. DVR iliyotengenezwa kwa TVI pekee haitaonyesha kamera ya CVI, na ndiyo sababu mtu hununua DVR nzuri akaishia na skrini nyeusi. Nyingi za HD zina kitufe kidogo kwenye mkia wa waya wake. Ukikishikilia upande mmoja kwa sekunde kama tano, kamera inabadilisha aina ya mawimbi inayotoa. Kitafute hicho kitufe kabla hujaitangaza kamera kuwa mbovu.

DVR mpya ya HD itafanya picha za kamera za zamani ziwe safi?

Hapana. Hili nalisisitiza kuliko yote kwa sababu wauzaji wengi huliacha kimya.

Picha inazaliwa kwenye kamera. DVR inaipokea, inaibana na kuihifadhi. DVR mpya inaweza kuacha kuiharibu picha zaidi, maana zile za zamani ziliibana vibaya sana, na kwa hilo utaona nafuu kidogo. Lakini haiwezi kuongeza kitu ambacho kamera haikukiona.

Tufanye hesabu. Kamera ya analogi ikirekodiwa vizuri inakupa upana wa pikseli, yaani nukta za picha, 704. Ya HD ya daraja la 1080p inakupa 1920. Kiwango cha Ulaya cha mifumo ya kamera, EN 62676-4, kinasema ili umtambue mtu usiyemjua bila shaka unahitaji pikseli 250 kwa kila mita ya upana wa eneo linaloonekana. Gawanya: 704 kwa 250 ni mita 2.8. Maana yake kamera yako ya zamani inaweza kukupa uso wa mtu ikiwa tu inatazama eneo lenye upana usiozidi mita 2.8. Ya 1080p inafika mita 7.7 hivi.

Sasa fikiria kamera ya analogi iliyofungwa pembeni mwa paa, ikitazama uwanja wenye upana wa mita 15. Hapo una pikseli 47 kwa mita. Utaona kuna mtu, utaona anatoka wapi na anaelekea wapi, pengine rangi ya koti. Uso hutaupata, hata ukinunua DVR ya bei gani. Watu wameibiwa, wakafungua video kwa matumaini, wakakuta kivuli cha mtu asiyejulikana. Inauma, na ingeweza kuzuilika kwa hesabu hiyo ndogo.

Hesabu hiyohiyo ndiyo inayoiokoa kamera ya zamani. Nyingi zilifungwa zikitazama eneo pana mno kwa sababu mwenye mali alitaka kuona kila kitu kwa kamera moja. Ukiishusha, ukaisogeza karibu na mlango wenye upana wa mita moja na nusu, ukaielekeza kwenye sura za wanaoingia, kamera ileile inaanza kutoa uso. Na kama ni ile yenye lenzi ya kurekebisha, inayoandikwa 2.8–12 mm, legeza skrubu zake mbili, vuta karibu, kaza tena. Fanya hivyo kabla ya kununua kamera yoyote mpya. Siahidi miujiza kwa zile za TVL 420, hasa usiku, lakini mchana mlangoni zinafaa kazi.

Kwa hiyo zipi nizibakize na zipi nibadilishe?

Iulize kila kamera swali lake. Ipo ya kujibu "ni nani?" na ipo ya kujibu "nini kinatokea?" Mlango wa mbele, kaunta ya fedha, mapokezi ya gesti na geti la watu wa miguu ni mahali pa "nani". Hapo ndipo pa kuweka kamera mpya. Ua wa nyuma, korido, stoo, sehemu ya kupakia magunia na paa la mashine ni mahali pa "nini kinatokea", na kamera ya zamani iliyo nzima inatosha kabisa.

Kwa duka la kawaida lenye kamera nane, nikipewa uamuzi, nabadilisha mbili na kubakiza sita. Hizo mbili zikiwa nzuri kweli, zinakupa zaidi ya nane mpya za bei ya chini.

Kuna kamera zisizostahili kubakizwa. Ikiwa picha ya mchana ni ya zambarau au ya waridi, majani yanaonekana mekundu, kichujio cha ndani kimekwama, badilisha. Ikiwa taa zake za usiku zimefifia kiasi kwamba huoni mita tano, badilisha au iwekee taa ya nje. Ikiwa kioo kimejaa ukungu kwa ndani na kufuta nje hakusaidii, maji yameshaingia.

Hiyo DVR mpya inayopokea kamera za zamani ni ipi, na niangalie nini nikiinunua?

Ulizia DVR mseto; dukani wengi wanaiita XVR. Moja ya kisasa inapokea CVBS, AHD, TVI, CVI na pia kamera za IP kadhaa. Kwa hiyo sita zako za zamani zinaingia nyuma kwa BNC, na mbili mpya zinaweza kuwa za HD kwa waya uleule au za IP kwa waya wa intaneti. Hakikisha boksi linaitaja CVBS kwa jina. Nyingi zinaipokea, lakini usinunue kwa kudhani.

Halafu kuna mtego wa maandishi. Ukiona "1080N", jua hiyo si 1080p. 1080N ni pikseli 960 kwa 1080, yaani upana umekatwa nusu. Ukinunua kamera nzuri ya 1080p ya kaunta ukaichomeka kwenye DVR ya 1080N, nusu ya ulichokilipia kinapotea wakati wa kurekodi. Neno "Lite" baada ya 1080p au 5MP (pikseli milioni tano) nalo ni dalili ya kupunguza namna hiyo. Uliza pia inarekodi picha ngapi kwa sekunde katika ubora wa juu kabisa. Baadhi zinatangaza 5MP kwa herufi kubwa huku zikinasa picha kama 12 tu kwa sekunde. Kwa duka si vibaya, ila ni haki yako kujua.

Chukua yenye H.265. Mfumo huu wa kubana video, uliotoka 2013, hutumia takriban nusu ya nafasi inayotumiwa na mtangulizi wake, H.264, kwa ubora unaokaribiana. Na nunua yenye chaneli zaidi ya kamera ulizonazo, kwa sababu baada ya mwaka mmoja utataka kuongeza ya geti la nyuma.

Nyaya za zamani zitabeba kamera za HD?

Koaksia ya RG59 yenye uti wa shaba halisi inabeba 1080p kwa mita 200 bila taabu, na maduka na nyumba nyingi za mjini hazifiki hata mita 60. Shida inatoka kwenye waya wa bei rahisi, wa alumini iliyopakwa shaba juu. Kwaruza uti wake kwa kisu: ukiona weupe chini ya wekundu, ni alumini. Unaweza kufanya kazi kwa umbali mfupi, lakini ukiwa mrefu picha ya HD inapoteza rangi au inakatika, wakati ya analogi ilikuwa inapita.

Baluni za zamani zilitengenezwa kwa CVBS. Ukiweka kamera ya HD, badilisha baluni zote mbili, ya kamera na ya DVR, uweke zilizoandikwa HD. Ni vitu vidogo na bei yake ni ndogo. Mara nyingi ndivyo vinavyofanya kamera mpya ilaumiwe bure.

Viungo ndivyo adui mkubwa wa Rungwe na Busokelo. Kwa mvua ya Tukuyu, kiungo kilichofungwa kwa gundi ya karatasi tu kinaota kutu ya kijani msimu mmoja. Kata sehemu iliyoharibika, weka kichwa kipya, kifungie ndani ya kiboksi kisichoingiza maji, na uache waya ushuke kidogo chini ya kiboksi kabla ya kupanda, ili maji yadondoke yasifuate waya kuingia ndani.

Ukiona mistari mipana ikipanda au kushuka taratibu kwenye picha, kamera yenyewe mara nyingi haina kosa. Kwa kawaida sababu ni kamera na DVR kupata umeme kutoka sehemu mbili zenye ardhi (waya wa kupeleka umeme udongoni) tofauti. Zilishe zote kutoka chanzo kimoja, au weka kitenganishi kwenye waya wa picha.

Kamera zinafanya kazi mchana, usiku zinazima na kuwaka. Zimekufa?

Karibu kila mara ni umeme. Usiku taa za kamera zinawaka na mahitaji yanapanda. Chukua kamera inayokula ampea 0.4 usiku, iliyo mita 50 kutoka kwenye adapta, kwa waya mwembamba wa shaba wa milimita za mraba 0.5. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ni mita 100 za waya, na njiani unapoteza karibu volti 1.4. Kamera inapokea 10.6 badala ya 12. Nyingi zinaanza kusumbua chini ya 10.8. Adapta iliyochoka ikitoa 11.5 tu, basi.

Pima volti kwenye kamera yenyewe, usiku, taa zikiwa zimewaka. Kupima kwenye adapta mchana hakukwambii kitu. Tiba ni boksi moja la umeme lenye nguvu ya kutosha mahali pa adapta nane za mitaani, au waya mnene zaidi, au kusogeza chanzo karibu na kamera ya mbali. Kamera nyingi zilizotangazwa kufa zimerudi kazini kwa hilo tu.

Kwa kukatika kwa umeme: DVR na kamera nane za namna hii zinakula wati kama 60. Betri ya volti 12 yenye Ah 100, ukiitumia nusu tu ili isiharibike, inakupa wati-saa 600. Toa kinachopotea kwenye inveta, unabaki na saa nane hivi. Inatosha usiku mzima wa kawaida.

Radi ilipiga ikaua DVR na kamera tatu, na nilikuwa na stabilaiza. Imekuwaje?

Stabilaiza inashughulikia umeme wa ukutani kupanda na kushuka. Radi haipiti huko peke yake. Waya mrefu wa kamera unaotoka nje kwenda getini au ghala la pili unapokea msukumo wa umeme radi inapopiga jirani, na unaupeleka moja kwa moja nyuma ya DVR. Kwa mvua zetu za Novemba hadi Aprili, anayeishi Mufindi, Njombe au Rungwe hawezi kulipuuza hili.

Anza na ardhi. Fimbo ya shaba iliyozikwa vizuri kwenye udongo wenye unyevu, ikaunganishwa na boksi la DVR, ndiyo msingi; vifaa vya kuzuia radi visivyo na ardhi ni mapambo. Kisha weka kizuia msukumo kwenye kila waya wa picha unaotoka nje ya jengo. Kwa jengo la pili, hasa viwanda vya mbao na shule zenye mabweni yaliyotawanyika, usivute koaksia ya kuunganisha majengo mawili. Pitisha faiba, waya wa nyuzi za kioo ambao haubebi umeme, au tumia vifaa viwili vya kurusha mawimbi vinavyotazamana. Kamera za zamani za jengo hilo zichomeke kwenye kifaa kinachogeuza picha ya analogi kuwa ya IP, halafu faiba ilete picha ofisini. Bei inapanda kiasi, lakini linganisha na DVR uliyokwisha kuipoteza.

Kama uwezo haujafika huko, ukiona wingu la mvua, kabla halijaanza kunguruma, chomoa umeme na pia nyaya za BNC zinazotoka nje. Kuchomoa umeme peke yake hakutoshi.

Ninunue hadidiski ya ukubwa gani?

Kamera ya 1080p kwa H.265 ikitumia megabiti 2 kwa sekunde inajaza gigabaiti 21.6 kwa siku. Ya analogi, kwa megabiti 1, ni 10.8. Kwa hiyo sita za zamani na mbili mpya ni kama gigabaiti 108 kwa siku, na hadidiski ya terabaiti 2 inakupa siku 18 kabla DVR haijaanza kufuta za mwanzo. Nane zote zingekuwa 1080p, diski hiyohiyo ingetoa siku 11. Hiyo ni faida nyingine ya kubakiza za zamani.

Nunua diski iliyotengenezwa kwa kazi ya kamera, kama WD Purple au Seagate SkyHawk. Ya kompyuta iliyotumika itafanya kazi, lakini haikutengenezwa kuandikwa saa 24, na itakuachia pengo siku usiyoitaka. Mara moja kwa mwezi rudisha nyuma video ya wiki iliyopita uone kama ipo kweli. Picha ya moja kwa moja kuonekana kwenye skrini si uthibitisho kwamba inarekodiwa.

Je, bila intaneti zinarekodi?

Ndiyo. Kurekodi hakuli bando hata kidogo.

Zamani nilikuwa naziona kwenye kompyuta na simu, sasa haiwezekani. Kwa nini?

DVR nyingi za zamani zilitegemea Internet Explorer na kiongezeo chake cha ActiveX. Microsoft iliistaafisha Internet Explorer tarehe 15 Juni 2022, na vivinjari vya sasa kwa kawaida havikikubali kiongezeo hicho. Upande wa simu, njia ya zamani ilikuwa kufungua mlango (port) kwenye ruta, ili DVR ifikiwe kutoka nje. Laini nyingi za simu hazikupi anwani yako mwenyewe ya intaneti, kwa hiyo mlango huo haufikiki ukitumia ruta ya 4G.

DVR mpya inatumia namba ya kuskani kwa simu, na inapita hata kwenye ruta ya laini. Ukitazama, chagua picha ndogo. Kwa kilobiti 512 kwa sekunde kamera moja inakula MB 230 kwa saa, wakati picha kubwa ya megabiti 2 inakula MB 900. Ukiacha nne zikiwa wazi mchana kutwa utashangaa bando limekwenda wapi.

Badilisha nywila siku ya kwanza. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai ilivamia DVR na kamera nyingi sana duniani kwa kujaribu tu nywila za kiwandani, kisha ikazitumia kushambulia mitandao. Nywila usibaki nayo fundi peke yake. Iandike, uitunze wewe mwenye mali.

Zangu ni za IP za zamani. DVR au NVR (kinasa cha kamera za IP) mpya ya kampuni nyingine itazipokea?

Tafuta neno ONVIF kwenye kamera au menyu yake. Ni lugha ya pamoja iliyoanzishwa 2008 na Axis, Bosch na Sony, na kamera yenye ONVIF kwa kawaida itatoa picha kwenye kinasa cha kampuni nyingine. Picha na sauti hupita. Vitu kama kutambua mwendo ndani ya kamera vinaweza kugoma. Nywila ya kamera ikiwa imesahaulika, itabidi kuirudisha ilivyotoka kiwandani. Zile za WiFi zinazotumia betri nyingi hazina ONVIF, zitabaki kwenye programu yake ya simu.

Baridi ya Makete na Njombe inaziua?

Baridi yenyewe hapana. Unyevu ndio unaoua, na ukungu unasumbua picha usiku kwa sababu taa za kamera zinarudishwa na ukungu na skrini inakuwa nyeupe. Zima taa za kamera hiyo, weka balbu ya LED mita mbili au tatu pembeni yake. Utaona mbali zaidi, na kamera nyingi za zamani zitabaki na rangi usiku. Njia hii pia inapunguza buibui, maana wadudu hufuata taa, buibui hufuata wadudu, na utando mbele ya lenzi unang'aa kuliko mwizi. Fagia utando kila wiki kwa brashi laini.

Polisi watazikubali video zangu?

Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inaruhusu ushahidi wa kielektroniki mahakamani. Kinachoangaliwa ni kama unaaminika, umetunzwaje na umetoka kwenye chombo gani. Kwa hiyo toa video kutoka DVR kwa flashi katika muundo wake wa asili, usiipige kwa simu kutoka kwenye skrini. Andika nani aliitoa, lini, kutoka DVR ipi. Fanya siku hiyohiyo, kabla diski haijazunguka.

Na saa iwe sahihi. DVR ikiwa mbele kwa saa tano, imebaki kwenye majira ya China, weka GMT+3. Ikirudi nyuma kila umeme unapokatika, betri ndogo ya ndani, kwa kawaida CR2032, imekwisha.

Kuna na wajibu wako. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inagusa picha za watu. Wanaokusanya taarifa binafsi wanatakiwa kujisajili katika Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, kwa hiyo mwenye gesti, shule au duka aulize Tume mapema. Weka bango kwamba pana kamera. Usiweke kamera chooni, bafuni wala chumba cha mgeni, kwa sababu yoyote ile. Usirushe picha ya mtu yeyote kwenye makundi ya WhatsApp kwa kumshuku. Peleka video kituoni.

Nina hela kidogo. Nianze wapi?

Umeme na viungo vya nyaya, kwa sababu huko ndiko kamera "mbovu" nyingi hupona. Kisha kugeuza na kusogeza kamera ulizonazo, kazi isiyohitaji kununua kitu. Kisha DVR mseto na diski yake kwa pamoja. Kamera mpya ya mlangoni iwe ya mwisho, na iwe nzuri. Ukifuata mpangilio huu unaweza kusimama katikati kwa miezi bila mfumo kuzimika.

Nikihamisha hadidiski ya zamani kwenye DVR mpya, video za zamani zitabaki?

Hapana. DVR mpya itataka kuifuta kwanza, na ukibonyeza ndiyo zimekwenda. Kama kuna tukio unalohitaji, litoe kwa flashi wakati DVR ya zamani bado inawaka. Ikiwa DVR imekufa lakini diski ni nzima, mara nyingi DVR nyingine ya kampuni ileile na mfululizo uleule inaweza kuisoma. Ichomoe, andika juu yake tarehe na jina la eneo, uiweke kabatini mpaka uhakikishe hakuna kesi inayoihitaji.